Nyuzi za mbao: gogo moja, sura tatu

Mteja mmoja pale Keko, mtaa wa mafundi samani Dar es Salaam, alizikataa mbao mbili za paina. Moja ilikuwa na mistari iliyonyooka kama daftari, nyingine ina michoro iliyochongoka kama ndimi za moto. "Fundi, umenichanganyia miti." Fundi akacheka. Gogo lilikuwa moja, limetoka Mafinga, mkoani Iringa.

Mistari ile ni umri wa mti. Kila mwaka paina huongeza tabaka chini ya gome. Mvua zikinyesha hukua haraka, na sehemu hiyo huwa pana, laini, nyeupe. Kiangazi na baridi vikiingia, mwendo hupungua, unabaki ukanda mwembamba, mgumu, wa kahawia. Na kwa kuwa shina ni nene chini na jembamba juu, matabaka yamepachikana kama vile vikaratasi vya karanga ambavyo muuzaji huvisokota na kuvichomeka kimoja ndani ya kingine. Utakachokiona kinategemea msumeno umepita wapi.

Ukilikata gogo kwa kukingama, utaona duara ndani ya duara, ndizo pete. Hapo nyuzi, ile mirija myembamba inayopanda na shina, zimekatwa, midomo yake iko wazi, ndiyo maana kichwa cha mbao hunywa vanishi na kuwa cheusi kuliko ubapa wake. Ukipasua kwa urefu kupitia moyoni, utapata mistari sambamba. Ukipasua kwa urefu huohuo lakini pembeni, msumeno hukwangua matabaka ubavuni, na zile ndimi hutokea. (Mninga hausomeki kirahisi hivi, kwake jicho hunaswa zaidi na kiini cha kahawia kinapokutana na ukanda mweupe wa karibu na gome.)

Mbao za pembeni ndizo nyingi sokoni, maana gogo halipotei sana. Ni nzuri kwa macho, ila zina ukorofi: mbao ikikauka husinyaa kufuata mzunguko wa pete karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea moyoni. Ikipigwa misumari kabla haijakauka, kingo zake huinuka kuelekea upande uliokuwa wa gome. Meza yangu ya kwanza ilifanya hivyo. Chai ikimwagika, yote ilikimbilia katikati.

Siku hizi kabla ya kulipa nainamia kichwa cha mbao kwanza, nione pete zimepinda kuelekea wapi, ndipo nimwambie fundi upande wa kuweka juu.