Mapafu yalikuja kabla ya miguu

Watu wengi wakiwaza wanyama walivyotoka majini kuja nchi kavu, wanamuona samaki mmoja jasiri amejiburuta hadi ufukweni halafu ndo akaanza kutafuta mapafu. Aisee, sivyo. Mapafu yalitangulia, tena kwa mamilioni ya miaka, na ushahidi unauzwa kila siku hapa mwaloni Jinja.

Mchukue kamongo, huyu Waganda wanamwita mmamba (wa ukoo wa Mmamba mnisamehe, najua nyie hamumli). Muombe muuzaji ampasue mbele yako. Chini ya uti wa mgongo utaona mifuko miwili mirefu, ndani imejaa vijumba vidogo vidogo, hayo ni mapafu kabisa, na damu ikitoka huko inarudi moyoni kwa mshipa wake maalum kama kwetu sisi. Kamongo mkubwa ukimzuia asipande juu kuvuta hewa anakufa maji, samaki huyo! Maana kwenye vinamasi vya mafunjo oksijeni ndani ya maji ni kiduchu, bila hewa ya juu hatoboi. Na kiukoo yuko karibu na mimi na wewe kuliko na mputa (sangara).

Sasa hapa ndo mi huwa nachangamka. Lile bondo la mputa, mfuko wa hewa tumboni mwake ambao wachuuzi wanaugombania, linakaushwa linapelekwa China, asili yake ni pafu. Darwin alidhani bondo ndo liligeuka kuwa pafu, kumbe ni kinyume, babu wa samaki wenye mifupa alikuwa na mapafu tayari, baadaye wengine wakayageuza kuwa puto la kuelea. Hata silakanti, yule aliyedhaniwa katoweka zamani za dinosaria mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, bado ana kipafu kilichobaki tu, hakifanyi kazi, kimezungukwa na mafuta.

Miguu je? Tiktaalik, samaki wa kale aliyechimbuliwa akiwa mawe, kaskazini mwa Kanada 2004, ana miaka kama milioni 375, na ndani ya mapezi yake kuna mfupa wa mkono, kiwiko na kifundo, ila bado ni mapezi. Akanthostega, mnyama wa kale wa Greenland, alikuja baadaye, huyo ana vidole vinane kila mkono, lakini ukiangalia vizuri ana matamvua na mkia wa kuogelea, na vile viungo vyake vilifaa zaidi kupiga kasia kwenye magugu ya majini kuliko kubeba mwili.