Moshi wa siga haumezwi, sasa kizunguzungu kinatoka wapi?

Je, wajua mtu anaweza kuvuta siga, ile nene iliyoviringishwa kwa jani la tumbaku lenyewe, taratibu, asimeze moshi (yaani asiuvute hadi mapafuni) hata mara moja, na bado nikotini ikamwingia hadi kichwa kikazunguka? Mimi nilikuwa nabisha kabisa.

Jioni huwa tunakaa kwa mangi mmoja hapa Moshi mjini, duka la mtaani tu, nje benchi na kreti za soda zilizogeuzwa viti, ndani rafu ya sigara na viberiti, na siga chache anazozitunza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na kitambaa kibichi zisikauke. Anauza moja moja. Raha ya siga ni kwamba haina haraka, kubwa inaweza kukaa saa nzima na stori zikaisha kabla yake.

Na mimi kila mgeni nilimwambia, usimeze, ukishautoa moshi umetoa na nikotini yote, hamna kilichoingia. Siku moja nimetoka kazini sijala, ilipofika theluthi ya mwisho jasho baridi likanitoka, mate yakajaa mdomoni, benchi likawa kama linaelea. Nikasema njaa. Wiki iliyofuata nimekula ndizi sahani nzima, hali ikawa ileile, ndo nikaanza kusoma.

Kumbe nilichokuwa naamini kinakaribia ukweli kwa sigara ya kawaida, nikakihamishia kwa siga bila kuuliza. Na imani hii ina madhara, kwa sababu wengi wanaamini kutomeza kunawaweka salama, wakati kansa ya mdomo, ya koo na ya umio inawapata wavuta siga hata wasiomeza. Halafu angalia na kipimo: sigara moja haifikishi gramu moja ya tumbaku, siga kubwa ni gramu 5 hadi 20. Moja inaweza kuwa sawa na pakiti nzima.

Tofauti inaanzia shambani. Tumbaku ya mvuke, ile ya Tabora na Urambo inayokaushwa kwa joto kwenye mabani, inabaki na sukari nyingi na moshi wake unakuwa na asidi. Majani ya siga, kama yale ya Cuba, yanakaushwa polepole kwa hewa, sukari inaisha, afu yanarundikwa na kuvundikwa kama ndizi. Moshi wake unaegemea upande wa magadi, yaani kinyume cha asidi. Kwa kipimo cha pH maji safi ni 7, chini yake ni asidi, juu yake ni magadi: sigara inatoa moshi wa kama 6, siga kubwa inafika 8 na kupita.

Sasa fikiria haisi ya Marangu siku ya soko. Abiria ana mkungu wa ndizi kichwani, mlangoni hapiti. Konda akiupokea akaurusha kwenye keria, abiria yuleyule anateleza ndani bila shida. Chembe ya nikotini ndo huyo abiria. Kwenye asidi inabebeshwa mzigo mdogo wa umeme, na ngozi laini ya shavu kwa ndani, yenye mafuta mafuta, haipitishi wenye mizigo. Magadi ndo konda: anapokea mzigo, chembe inapenya shavuni mpaka kwenye damu. Kwenye pH 6 kama chembe 1 tu kati ya 100 haina mzigo, kwenye 8 ni karibu nusu. Mapafuni ni kama stendi pana yenye milango isiyohesabika, na majimaji ya kule yanapunguza ile asidi, ndo maana mvuta sigara lazima ameze.

Si kila siga iko hivyo lakini, vile vidogo vyenye saizi ya sigara vingine moshi wake una asidi na watu wanavimeza. Na siga hiyohiyo moja inabadilika, moshi unazidi kuwa na magadi kadiri moto unavyosogea mwishoni. Theluthi yangu ya mwisho ilikuwa na sababu. Wanaosema soda inakata kizunguzungu, huo ni uzoefu wa benchi zaidi ya ushahidi.

Kinachonifurahisha mno ni kwamba jibu lilikuwa palepale dukani. Kuna meku, yaani mzee, huja kwa mangi kununua tumbaku ya ugoro, nilipomwamkia na kumweleza haya akafungua kikopo chake, akaniwekea kiganjani punje nyeupe ya magadi, yaleyale tunayowekea makande. "Bila hii, mwanangu, ugoro haushiki." Hata ile jojo ya nikotini wanayopewa wanaoacha sigara imewekwa sodiamu kaboneti, yaani magadi, na wanaambiwa wasinywe kahawa wala soda wakiitafuna kwa sababu asidi inarudisha mkungu kichwani.

Siku hizi ikibaki vidole vitatu naiweka pembeni ya benchi, inazimika yenyewe.