Kushinda njaa si kuishinda njaa

Bango la kampeni ya lishe likiandikwa "Tushinde njaa", Mswahili atasikia mwaliko wa kukaa bila kula tangu asubuhi hadi jioni. Aliyekusudia kuitokomeza njaa alipaswa kuandika "Tuishinde njaa". Tofauti yote imo katika silabi moja, -i-, kiambishi kinachoiwakilisha njaa ndani ya kitenzi.

Kitenzi shinda kina maana mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni kupata ushindi juu ya mtu au jambo. Ya pili ni kukaa mahali, au katika hali fulani, mchana kutwa: ameshinda shambani, ameshinda akifua, umeshindaje? Katika maana hii ya pili hakuna anayeangushwa, ndiyo maana kitenzi hakihitaji kiambishi cha mtendwa. Hukubali lakini kauli ya kutendea: "wameshindia uji", yaani hadi jioni hawakupata chakula kingine.

Waandishi wa michezo wawe waangalifu hapa. "Ameshinda Juma" maana yake Juma ndiye mshindi. Kama Juma ndiye aliyepigwa, andika "Amemshinda Juma". Vivyo hivyo kwa timu: "imeishinda", si "imeshinda" tupu, endapo jina la timu iliyofungwa linafuata moja kwa moja.

Wanaojifunza lugha hupotea zaidi kwenye "Kazi imenishinda". Kazi ndiyo mtenda, mimi nimeelemewa. Wakigeuza na kusema "Nimeshinda kazini", wameeleza tu walikokuwa siku hiyo.

Katika kauli ya kutendwa, shindwa, angalia neno "na". Likiwapo, linamtaja mshindi: ameshindwa na mpinzani wake. Lisipokuwapo, kinachofuata ni kile alichokipoteza au kilichomwia kigumu: ameshindwa kesi, ameshindwa kulipa. Aliyeshindwa huitwa mshinde, neno zuri linalostahili kurudi magazetini. Na anayekemea "Shindwa na ulegee!" anatoa amri katika kauli ya kutendwa, neno "na" hapa likiunganisha tu vitenzi viwili: anayekemewa anaagizwa akubali kuangushwa, bila kutajiwa wa kumwangusha.

Liko pia shinda la chombo ambacho hakikujaa. Ndilo lililo katika methali "Debe shinda haliachi kutika", kwa kuwa maji yasiyofika ukingoni huchezacheza debe linapobebwa. Na katika kulinganisha, "mrefu kushinda kaka yake" ni sawa na "kuliko kaka yake".

Matumizi yanayohitaji kurekebishwa kwa haraka yamo katika ripoti za ofisi. "Alishindwa kufika" hudokeza kwamba mtu alitaka kufika, kikwazo kikamzuia: ugonjwa, nauli, mvua. Kama sababu haijulikani, au kama alikataa kwa makusudi, sentensi hiyo inamtetea bila ushahidi. Andika "hakufika".