Boti ya mshumaa haisukumwi na mvuke unaotoka nyuma
Katika maonesho ya sayansi ya skuli zetu, Unguja na Pemba, kuna boti ya bati ninayoipenda sana: kipande cha mshumaa, mrija wa shaba uliozungushwa juu yake, ncha mbili zimezama nyuma. Maelezo ni yale yale ya miaka yote: mvuke unatoka nyuma, unayapiga maji, boti inakwenda. Sivyo.

Mrija hujazwa maji kwanza. Ukiwa mtupu boti haiendi. Moto hugeuza maji machache kuwa mvuke, nao huyasukuma nje yaliyobaki. Mvuke ukifika penye ubaridi hurudi kuwa maji, nafasi hubaki, na maji ya beseni huvutwa ndani. Tuk-tuk-tuk, mara kadhaa kwa sekunde, bila vali hata moja. Thomas Piot alipata hataza ya boti ya namna hii Uingereza mwaka 1891.

Mbona basi hairudi nyuma maji yanapovutwa ndani? Puliza mshumaa, unazimika. Vuta pumzi kwa umbali ule ule, hauzimiki. Ndivyo na maji: yakitoka hwenda mkondo mmoja, yakaisukuma boti mbele. Yakiingia hukusanyika kutoka kila upande, hayaivuti nyuma kwa nguvu ile.

Walimu, mwambieni mtoto atie rangi ya chakula kwenye maji ya mrija, kisha atazame kinachotoka.