Mbegu chotara za maboga huota tena

Kila yanapotajwa maboga ya mavuno mengi, hakosi mtu wa kusema kwamba mbegu chotara "zimewekewa kitu" ili zisiote mara ya pili. Si kweli.

Chotara ni mzao wa kwanza wa wazazi wawili tofauti waliooanishwa makusudi. Hakuna jeni iliyopandikizwa humo. Kazi yote ni ya chavua. Jioni, mzalishaji hufunga kwa uzi ua dume na ua jike yanayokaribia kuchanua, nyuki wasije wakamvurugia. Ua jike halina shida kulitambua, maana chini yake kuna kiboga kichanga. Asubuhi na mapema hulichuma lile dume, huondoa petali zake, hupaka chavua kwenye ua jike na kulifunga tena. Akichelewa hadi mchana maua yameshasinyaa.

Boga litakalokua hapo ni la mama mtupu. Nyama, ganda na umbo havibadilishwi na chavua ya mgeni. Uchotara umo ndani ya mbegu tu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba boga lake la msimu huu limekosa utamu kwa sababu ya maboga ya jirani anamsingizia mwenzake.

Utata unaanzia kizazi cha pili. Wale wazazi walichavushwa wenyewe kwa wenyewe vizazi kadhaa mpaka uzao wao ukafanana, na ndiyo maana machotara wao wa kwanza nao hufanana. Panda mbegu za machotara hao: zitaota vizuri tu, ila jeni zimechanganywa upya. Shina hili litatambaa mbali, lile litajikunja kama kichaka. Moja litabeba boga kubwa, jingine vidogo vingi. (Na ukubwa si mavuno: shina likizidisha idadi, uzito wa kila boga kwa kawaida hupungua.)

Wapo wanaotoa kama ushahidi wa utasa Tetsukabuto, chotara maarufu wa Japani, ambaye maua yake dume hayana chavua inayofaa, hivyo huhitaji maboga ya aina nyingine karibu ndipo azae. Huyo wazazi wake ni spishi mbili tofauti, na utasa wake umetoka huko. Machotara wengi wa maboga ni wa spishi moja na hawana tatizo hilo.

Kwa hiyo muuzaji amwambie mkulima kwamba mbegu atakazotoa kwenye maboga ya chotara hazirudii sifa za chotara huyo. Kuota, zinaota.