Mashine pepe imegoma kuwaka? Usiilaumu programu kwanza

VirtualBox au QEMU, programu za kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), ikisakinishwa kwenye Linux, mara nyingi dirisha hufunguka vizuri tu. Kasheshe huanza pale unapobonyeza kitufe cha kuwasha mashine pepe, na kosa likajitokeza kwa maneno yasiyoeleweka. Ushauri unaofuata hapo mwingi ni wa kubahatisha.

Dhana: Ikigoma, ifute uisakinishe upya.

Hii imekula saa za watu wengi. VirtualBox haisimami peke yake. Inategemea moduli iitwayo vboxdrv, kipande cha msimbo kinachopakiwa ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), ambayo haiji na kerneli ya Linux, hivyo ni lazima iundwe upya kila kerneli inapobadilika. Kazi hiyo huachiwa DKMS, zana ya kuunda moduli upya, nayo haiwezi kitu bila kifurushi cha linux-headers cha toleo lile lile la kerneli linalotumika. Kwa hiyo mashine iliyowaka jana na kugoma leo, baada ya wewe kusasisha mfumo usiku, haijaharibika. Sakinisha linux-headers za kerneli mpya, kisha endesha `sudo /sbin/vboxconfig`.

Moduli ikishaundwa bado kuna mlinzi mlangoni: Secure Boot, kinga ya kompyuta wakati wa kuwaka, hukataa moduli isiyo na saini inayoitambua. Wengi huizima moja kwa moja. Mimi sioni sababu. Tia moduli saini kwa ufunguo wako, andikisha ufunguo huo kwa `mokutil --import`, washa kompyuta upya, uuthibitishe kwenye skrini ya buluu inayotokea kabla mfumo haujapanda. Usiondoke kwenda kunywa maji, maana skrini hiyo hungoja sekunde chache tu, na ikikupita unaanza tena.

Dhana: Prosesa yangu ni ya zamani, haiwezi.

Intel ilileta VT-x, uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe moja kwa moja, mwaka 2005, AMD ikafuata na AMD-V mwaka 2006. Andika `grep -E 'vmx|svm' /proc/cpuinfo`: vmx ni ya Intel, svm ni ya AMD. Usipoona kitu, usiihukumu prosesa bado. Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) kwanza, kwa sababu kompyuta nyingi hutoka kiwandani kipengele hiki kikiwa kimezimwa.

Dhana: QEMU ni nzito, inatambaa.

Hutambaa inapoachwa iigize kila agizo la prosesa yenyewe, jinsi Fabrice Bellard alivyoibuni hapo 2003. Ukiiongezea `-accel kvm`, maagizo mengi huendeshwa na prosesa halisi. KVM, kiendeshaji cha mashine pepe cha Linux, imo ndani ya kerneli tangu toleo 2.6.20 la mwaka 2007, hivyo hakuna moduli ya kuunda. Ila mfumo wa prosesa za aina nyingine, kama ARM, juu ya prosesa ya Intel utabaki kuigizwa, na hapo subira inahitajika kweli.

Dhana: KVM na VirtualBox haziingiliani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia Linux 6.12, KVM huishika VT-x mara tu moduli yake inapopakiwa, hata kama hakuna mashine yake inayotumika. VirtualBox ikija huweza kukuta kiti kimekaliwa na kulalamika VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Ondoa moduli kwa `sudo modprobe -r kvm_intel` (au `kvm_amd`), au ongeza `kvm.enable_virt_at_load=0` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli.

Dhana: Iendeshe kama root (msimamizi mwenye haki zote), itakubali.

Itakubali, na utakuwa umefungua mlango usiohitaji kufunguliwa. Mwaka 2015 dosari iliyopewa jina VENOM, kwenye msimbo wa diski laini wa QEMU, ilionyesha kwamba aliye ndani ya mashine pepe anaweza kutoka nje. Akitoka akakuta haki za root, kompyuta nzima ni yake. Jiongeze kwenye kundi la kvm, utoke na kuingia tena.

Dhana: Ipe RAM yote na kore zote, itakimbia.

Mwenyeji (kompyuta halisi) akibanwa, na mgeni (mashine pepe) atakwama. Nusu inatosha. Kasi ya kweli iko kwenye diski na mtandao wa virtio, yaani vifaa vilivyobuniwa mahususi kwa mashine pepe, ingawa kisakinishi cha Windows hakitaiona diski hiyo mpaka ukipe madereva yake kutoka ISO ya virtio-win.

Dhana: Bila Linux hakuna njia.

FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, ina bhyve, programu yake ya mashine pepe, tangu toleo 10.0 la mwaka 2014. Anza na `kldload vmm`.