Koo Likiwa Wazi na Pumzi Ikakatika

Mwalimu mstaafu ninayemtibu hapa Mbeya alinionyesha ripoti ya mashine yake ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe usingizini: kukoroma kumekwisha, lakini pumzi bado inakatika mara tisa kwa saa, na matukio mengi yameandikwa kuwa yametokea koo likiwa wazi. Alikuwa amekwisha kuongeza presha ya hewa ya mashine mwenyewe, kutoka 8 hadi 12. “Daktari, mbona nimeongeza na inazidi?” Swali lake ni la msingi, kwa kuwa presha hutibu koo lililoziba, na koo lake halikuwa limeziba.

Usingizini ubongo huamuru kifua kivute hewa kwa kupima zaidi hewa ya ukaa iliyomo katika damu. Mashine inapofungua koo lililozoea kubanwa, mtu hupumua kwa wepesi na kuzidi anavyohitaji, hewa ya ukaa hushuka chini ya kiwango fulani, na ubongo husitisha amri: kifua hutulia kwa sekunde 10 au zaidi, hadi ile hewa ijikusanye tena. Kisha huja pumzi nzito zinazoipunguza upya, na mzunguko ukaendelea. Presha iliyozidi, barakoa inayovuja na kushtuka-shtuka usingizini huuchochea, na mwinuko wetu wa takriban mita 1,700 nao huchangia, kwa kuwa oksijeni ikiwa haba tunapumua zaidi na kuishusha hewa ya ukaa.

Mashine yenyewe hutambua hali ya koo kwa kutuma mawimbi madogo ya hewa. Haioni ubongo, kwa hiyo hata aliye macho akibana pumzi anapojigeuza kitandani huweza kuhesabiwa.

Kwa wagonjwa walio wengi hali hii hupungua yenyewe ndani ya wiki au miezi michache ya kuendelea na tiba, nami huwasihi wasiivue barakoa. Wasiwasi wangu huwa kwa wanaotumia dawa za jamii ya mofini na kwa wenye moyo dhaifu. Mwaka 2015 utafiti wa SERVE-HF ulionyesha kuwa mashine zinazojirekebisha pumzi kwa pumzi ziliongeza vifo vya moyo miongoni mwa wagonjwa ambao moyo wao ulisukuma, kwa kila pigo, asilimia 45 ya damu yake au pungufu.

Ndiyo maana Mwalimu nilimrudishia presha ya 8, nikambadilishia barakoa iliyokuwa ikivuja, na kabla ya kufikiria mashine nyingine yoyote nikamwandikia kipimo cha ultrasaundi ya moyo.